Prosesa ya laptop itakayokufaa miaka mingi: maswali ninayoulizwa kila siku

Mi ni fundi laptop hapa Dar, na pembeni nauza moja moja za mtumba, zile za kutoka Ulaya na Dubai ambazo wenzetu wa Nairobi wanaziita ex-UK. Meseji ninazopata zinafanana mno, hasa ile wiki boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) likiingia vyuoni, kwaiyo nimeona niyaweke majibu sehemu moja niwe namtumia mtu anasoma mwenyewe kabla hajanipigia. Sijayajibu yote kwa urefu sawa, mengine hayana maneno mengi.

Kwanini unakazania prosesa wakati laptop ina vitu kibao?

Kwasababu prosesa, yani ubongo wa laptop, ukishanunua umenunua. RAM (kumbukumbu ya kazi ulizofungua) ikiwa ndogo utaongeza, hard disk utaitoa uweke SSD (hifadhi ya kasi zaidi), betri ikifa utatafuta nyingine, hata skrini ikipasuka inabadilishika. Prosesa imechomelewa kwenye bodi, kuibadilisha maana yake unabadilisha bodi nzima, na bei ya bodi ukitajiwa utaomba maji ya kunywa. Zamani zilikuwa zinatoka, laptop nyingi za Intel za gen ya 4 (gen ni kizazi) kurudi nyuma prosesa unaichomoa kwenye soketi unaweka kubwa zaidi na maisha yanaendelea, nimefanya sana hiyo kazi, ila kuanzia gen ya 5 huo mlango ukafungwa. Kwaiyo mtu akiniambia ana hela ya laptop moja tu na anaumiza kichwa kati ya yenye prosesa nzuri na RAM 8, na nyingine prosesa ya kizee ila RAM 16 na SSD ya 512, namwambia chukua ya kwanza, hivyo vingine utaongeza mshahara ukitoka.

Ila hapo kuna mtego. Laptop nyembamba nyingi za siku hizi RAM nayo imechomelewa, hamna sloti. Kwa hizo RAM 8 ndo 8 mpaka inakufa, kwaiyo kabla hujalipa uliza "ina sloti ya RAM?" na kama muuzaji anababaika, ingiza model kwenye simu yako uangalie mwenyewe hapohapo dukani, mtandao upo.

Kaka nimeona i7 kwa bei ya i5, si nichukue i7?

Hili swali lingekuwa linalipiwa ningeshajenga.

Mi mwenyewe nilipigwa na hii kitu. Mwaka 2019 nilinunua laptop ya i7 kwa mtu, nikaikumbatia njia nzima kwenye daladala, stika ya i7 inang'aa. Ilikuwa i7-6600U. Jamaa tuliyekuwa tunashea naye chumba cha kazi ana i5-8250U, amenunua bei rahisi kuliko mimi, tukajaribu kutoa vidio moja ya kipaimara kwa wakati mmoja, yake imemaliza, kaenda kununua chapati karudi, yangu bado inahema. Baadae ndo nikakaa nikasoma: ile i7 yangu ilikuwa na kore (mafundi wa ndani ya prosesa, naeleza huko chini) mbili tu, i5 yake ilikuwa na nne. Na Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 yake ikakubaliwa, yangu ikakataliwa mlangoni.

Hizi i3, i5, i7 ni nafasi darasani, hazikuambii ni darasa la ngapi. Mtoto wa kwanza darasa la tatu hawezi kumfundisha hesabu mtoto wa kumi na tano darasa la saba. Swali lako la kwanza liwe gen ya ngapi, afu ndo uulize i ngapi. Mfano mwingine ambao watu wanabisha mpaka waone: i3-1215U, i3 tu ya gen ya 12, inaipita i7-8550U ambayo enzi zake ilikuwa laptop ya bosi.

Sasa hizo namba nazisomaje?

Kwa Intel za i, angalia namba baada ya kile kistari. i5-8250U, inaanza na 8, hiyo gen ya 8. i5-7200U gen ya 7. i5-6300U gen ya 6. Shida inaanzia kwenye gen ya 10, kwasababu namba mbili za mwanzo ndo gen: i5-10210U ni ya 10, na i5-1035G1 nayo ni ya 10, i5-1135G7 ni ya 11, i5-1235U ni ya 12, i5-1335U ni ya 13. Watu wanaona 1135 wanadhani ni gen ya kwanza wanaikimbia, wakati hiyo ni moja ya prosesa ninazozipenda sana kwa mtumba wa sasa. Ukiona namba inaanza na 1, soma mbili.

Afu herufi. U ni ya kula umeme kidogo, wati 15 hivi, betri inakaa, haichemki sana. H ni ya wati 45 kwenda juu, nguvu nyingi, feni inapiga kelele, chaja yake ni tofali. P ilikuja na gen ya 12, ipo katikati. Y ni dhaifu, hiyo waliiweka kwenye vile vilaptop vyembamba visivyo na feni, achana nayo. G ikifuatiwa na namba, mfano G7, inakuambia ukubwa wa grafiki ya ndani, G1 ndogo, G7 kubwa.

Mwisho wa 2023 Intel wakaitupa ile herufi i wakaanza kuita Core Ultra 5, Core Ultra 7, na kuna nyingine wanaita Core 5 na Core 7 bila Ultra. Usidhani zote ni mpya kichwa mpaka mguu, Core 7 150U kwa mfano ndani ni teknolojia ileile ya gen ya 13 iliyovalishwa shati jipya. Sio mbaya, ila usiilipie bei ya kitu kipya kabisa.

Gen ya ngapi ndo mwisho, chini ya hapo nisishuke?

Ya 8. Na sijaitoa kichwani kwangu. Kwanza kiofisi, Microsoft walisema Windows 11 inataka Intel gen ya 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 ikafungiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025. Walitoa mwaka mmoja wa nyongeza wa apdeti za usalama kwa watu wa kawaida, mpaka Oktoba 2026, hiyo ni kusogeza mazishi tu.

Pili, na hii ndo sababu yangu hasa, gen ya 8 za U zilizotoka 2017 ndo Intel waliamka. Miaka yote kabla ya hapo i5 na i7 za U zilikuwa na kore mbili, mwaka baada ya mwaka kore mbili, wanabadilisha jina tu. AMD, washindani wa Intel, walipokuja na prosesa za Ryzen mwaka huohuo, ghafla Intel wakapata kore nne kwa umeme uleule. Ndo maana tofauti ya i5-7200U na i5-8250U ni kubwa kuliko tofauti ya gen ya 4 na ya 7. Ushindani mzuri jamani.

Sasa hiyo 8 ni sakafu, sio dari. Kama unataka ikae miaka mitano sita kuanzia leo, jikaze ufike ya 11 au 12.

Winga (dalali) kaniambia gen ya 6 inakubali Windows 11, na kweli nimeikuta imewekwa. Nani muongo?

Wote mnasema kweli, ila yeye hajamaliza kusema. Kuna namna ya kuirusha Windows 11 ukuta, flashi moja tu na programu ya Rufus, inapita bila kuulizwa gen wala TPM. Itafanya kazi, na apdeti za kila mwezi kwa kawaida zinakuja. Shida ni zile apdeti kubwa za kila mwaka, laptop iliyorushwa ukuta mara nyingi haisukumiwi yenyewe, inabidi uirushe tena kwa mkono, na Microsoft hawana deni na wewe, siku wakiamua kubana wanabana. Walishafanya kwenye toleo la 24H2, prosesa za enzi za Core 2 Duo zikagoma kuwaka kabisa maana zinakosa amri fulani ndani yake. Gen ya 6 haijafikiwa na hilo, ila unaona mwelekeo.

Kama bei ni ya kutupwa na ni ya kuandikia barua, chukua. Kama anakuuzia kwa bei ya gen ya 8 kisa "ina Windows 11", mwachie aendelee kuipanga mezani.

Kore na thredi ni nini, na ninahitaji ngapi?

Fikiria ofisi ya fundi cherehani. Kore ni mafundi. Thredi ni kazi ambazo mafundi wameshika kwa pamoja, fundi mmoja anaweza akawa na suruali kwenye cherehani na shati mapajani, akisubiri uzi kwenye moja anashona nyingine. Kwaiyo kore nne thredi nane ni mafundi wanne wenye kazi nane mkononi, sio mafundi wanane.

Kuanzia gen ya 12 Intel wakaleta mafundi wa aina mbili, wakubwa na wanafunzi. i5-1235U inasoma kore 10 ila wakubwa ni wawili tu, nane ni wadogo. Hawa wadogo wanashika zile kazi za nyuma, antivairasi, WhatsApp, Drive inayopandisha mafaili, wakubwa wanabaki na kazi yako. Kwaiyo usiseme kore 10 ni mara mbili na nusu ya kore nne za zamani, hesabu haiendi hivyo, ila kwa kazi za kila siku utaiona tofauti.

Kwa leo, kore nne thredi nane ndo kiwango changu cha chini. Kore mbili ilikuwa inatosha wakati intaneti ilikuwa nyepesi. Siku hizi Zoom moja, kurasa kumi za Chrome na Excel ya mauzo ya mwaka, mafundi wawili wanazidiwa, na ukiangalia Task Manager unakuta 100% hata hujaanza kazi.

AMD vipi? Watu wanasema zinachemka.

Hizo ni habari za A6 na A9 na E2 za zamani, na hizo kweli zikimbie, hata bure fikiria mara mbili. Ryzen ni kitu kingine kabisa. Mi kwa hela yangu mwenyewe mara nyingi nachukua Ryzen, kwasababu watu wengi hapa wanaulizia Intel tu kwaiyo Ryzen inakaa dukani mpaka muuzaji anashusha.

Ila majina ya AMD ni msitu. Kwa laptop anzia Ryzen za 3000, mfano Ryzen 5 3500U, maana 2500U haipo kwenye orodha ya Windows 11. Zenye raha ni kuanzia 4000 na 5000. Hapo kwenye 5000 kuna mchanganyiko: 5500U ndani ni Zen 2 (Zen ni jina la teknolojia ya ndani ya Ryzen), 5600U ni Zen 3, zote zina kore sita, zote zinaitwa Ryzen 5, ila 5600U ni kizazi cha mbele. Bado 5500U ni nzuri sana, usije ukaiacha kwa hilo.

Mtego mkubwa upo kwenye 7000. AMD waliamua namba ya kwanza iwe mwaka, na ya tatu ndo ikuambie teknolojia ya ndani. Chukua Ryzen 5 7520U: ya tatu ni 2, maana yake Zen 2, kore nne, RAM imechomelewa. Ryzen 5 7530U ni Zen 3, kore sita. Ryzen 5 7540U ni Zen 4. Kwa macho namba zinapishana kumi kumi, ndani ni laptop tatu tofauti. Nimeona mtu kanunua 7520U mpya kwenye boksi, kashangilia "Ryzen 5 ya 7000", wakati 5500U ya mtumba ingemhudumia vizuri zaidi na chenji ikabaki ya begi. Kwenye 7000 angalia namba ya tatu, basi.

Mpya dukani yenye Celeron au mtumba wa gen ya 8?

Mtumba. Najua mpya ina harufu nzuri na waranti na wazazi wanafurahi kuona boksi. Lakini zile Celeron N4020 ni kore mbili thredi mbili, na mara nyingi wanazifunga na RAM 4 na hifadhi ya 64GB ambayo Windows ikishakaa na apdeti mbili tatu imejaa. Mwanafunzi anaingia nayo mwaka wa kwanza, kufika semista ya pili anakuja kwangu "fundi imekuwa nzito", namwambia haijawa, ilikuja hivyo.

Kidogo N100 ina nafuu, hiyo ilitoka 2023, kore nne ndogo, inakula umeme kiduchu, kwa mtu wa Word na YouTube na mfumo wa kuuzia dukani inatosha. Sio ya miaka sita ya chuo na kazi.

Wakati huohuo kuna EliteBook, ThinkPad na Latitude, laptop zilizotumika kwenye maofisi ya watu huko, bodi ngumu, kibodi nzuri, vipuri vyake vimejaa mjini. Kwa EliteBook 840, G3 ni gen ya 6, G4 ni ya 7, G5 ni ya 8, G7 ni ya 10, G8 ni ya 11, G9 ni ya 12. Kwa ThinkPad, T470 ipo chini ya mstari, T480 ipo juu. Kwa Latitude 7490 ni ya 8, 7420 ni ya 11, 7430 ni ya 12. Usitegemee jina peke yake lakini, G5 nyingine zilitoka kiwandani na prosesa za gen ya 7, fungua uone.

Mi nashuti na kuediti vidio za harusi. i7 ya gen ya 7 yenye kadi ya NVIDIA itanifaa?

Hili nalijibu kwa urefu maana nimeona watu wakilia.

Kamera nyingi mpya, mfano Sony A7 IV, zinaweza kurekodi H.265 (namna ya kubana vidio) ya biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2, unaobeba rangi nyingi zaidi. Ni vidio nzuri ya kupaka rangi, ila ni nzito kuifungua. Prosesa isiyo na sehemu maalum ya kuifungua hiyo vidio inabidi ifanye kwa nguvu ya kore zenyewe, ndo unaona unacheza klipu moja kwenye Premiere inakatakata kama redio ya masafa mafupi. Na kadi ya grafiki ya NVIDIA haikusaidii hapo, kwasababu NVIDIA walikaa miaka yote bila kuweka uwezo wa 4:2:2, mpaka RTX 50 zilizotoka 2025. Grafiki ya ndani ya Intel kuanzia Iris Xe ya gen ya 11 inao. Yani laptop ya i5-1135G7 isiyo na kadi yoyote inaweza kukuchezea hizo klipu laini, wakati limashine la i7 gen ya 7 lenye kadi linagandaganda. Usishangae, sio nguvu, ni kujua hiyo lugha.

Nilikaa na bwana mmoja wa vidio mpaka saa nne usiku, ana harusi ya kukabidhi kesho yake, laptop yake ya bei mbaya imegoma. Tulichofanya ni kutengeneza nakala nyepesi za klipu zote, zile za proksi, akaediti juu ya hizo. Ilitoka, ila usiku mzima ulienda kwenye kutengeneza nakala. Kwaiyo kwa kazi yako tafuta Intel gen ya 11 au zaidi, H kama mfuko unaruhusu, na RAM 16 sio 8. AMD nyingi hazina hiyo 4:2:2, kwahiyo hapa tu ndo namtoa Ryzen njiani. Kama unashuti kwa simu au kamera ya 4:2:0, yenye rangi chache zaidi, haya yote hayakuhusu.

Nasoma ubunifu majengo, natumia ArchiCAD na Lumion.

H, kadi ya grafiki ya kwake, RAM 16 kwenda juu. Lumion inaishi kwenye kadi, prosesa ni msaidizi. U usiiguse hata kama ni i7.

MacBook ya i7 ya 2017 naiona bei nzuri.

Ndo maana bei ni nzuri. Apple walianza kuhama Intel Novemba 2020 walipotoa M1, na macOS Tahoe ya 2025 wametangaza ndo ya mwisho kwa Mac za Intel, tena zenyewe zinazoipata ni chache. MacBook Pro ya 2017 iliishia Ventura, toleo la 2022. Jikusanye ununue M1, hata Air ya kawaida, haina feni, haipigi kelele, betri inakaa siku nzima, na mpaka leo inaipokea mifumo mipya. Ila RAM haiongezeki, ukipata ya 16 kamata. Na kabla hujatoa hela hakikisha haina akaunti ya mtu wala haijafungwa na kampuni, izime, ifute, iwashe upya mbele ya muuzaji mpaka ifike mwisho. Akikwambia "hiyo utafanya nyumbani" mpe mkono umuage.

Hizi za Snapdragon je?

Betri safi sana. Lakini sio familia ya Intel na AMD, ni ARM kama simu, kwaiyo draiva za printa za zamani, mashine za risiti na programu fulani za ofisi zinaweza kugoma. Kama kazi yako yote ipo kwenye brauza na Ofisi, sawa. Kama una printa ya mwaka arobaini na saba, ijaribu kwanza kabla ya kulipa.

Nilipie hiyo NPU ya AI?

Hapana. NPU ni sehemu ya prosesa iliyotengwa kwa kazi za AI. Ila unapoongea na AI kwenye simu au brauza, kazi inafanyika kwenye kompyuta zao huko, laptop yako inaonyesha maandishi tu. Microsoft wana kiwango cha laptop za Copilot+, kinataka NPU ya TOPS 40 (kipimo cha kasi yake) kwenda juu, na Core Ultra za kwanza za 2023 hazifiki hata nusu ya hapo pamoja na stika zake zote za AI. Ikija bure na laptop nzuri, karibu. Kuongeza hela kwa ajili yake, bora RAM.

Laptop yangu ilikuwa kasi, sasa nzito, prosesa imechoka?

Prosesa hazichoki hivyo. Zinachemka. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na wewe unaona uzito.

Kuna mama mmoja ana duka la unga na nafaka, laptop yake ya hesabu i5 gen ya 8, kaniletea anataka kuiuza anunue mpya. Nimeifungua nyuma, feni nyeupe. Sio vumbi, unga. Umeingia miaka mitatu, ukakutana na unyevu wa kwetu huku pwani, ukagandamana kwenye zile nyavu za kutolea joto mpaka ukawa kama ugali mkavu, nilikuwa nautoa vipande na kijiti cha meno. Pesti ya prosesa (ya kupitisha joto) nayo imekauka kama rangi ya ukutani. Nikasafisha, nikapaka mpya, nikawasha, kwenye kazi ileile iliyokuwa inafika 98 ikakaa kwenye 70 na kitu. Mama akaniambia "kumbe ilikuwa na mafua". Bado anaitumia.

Safisha feni kila mwaka kama upo sehemu ya vumbi, pesti kila miaka miwili mitatu, na usiiweke laptop kitandani juu ya blanketi, inavutia hewa tumboni.

Nitajuaje sijapigwa hapohapo dukani?

Stika isome ila usiiamini, zinauzwa kwa shiti. Hata jina linaloonekana ndani ya Windows kuna watu wanalibadilisha. Niliwahi kuletewa laptop, ukienda kwenye About imeandikwa i7-8650U safi kabisa. Nikafungua Task Manager, Performance, CPU, jina ni hilohilo, ila pale chini panasema Cores 2, Logical processors 4. i7-8650U ina kore nne. Nikazima, nikaingia BIOS (menyu ya bodi inayofunguka kabla ya Windows), ikajitaja yenyewe: i5-6300U. Mwenye laptop alikaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu bila kusema kitu.

Kwaiyo ingia BIOS. HP unabonyeza F10 inapowaka, Dell F2, ThinkPad F1. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache, hiyo bado ina mwenyewe. Afu rudi Windows, fungua Task Manager, hesabu kore, cheza vidio ya YouTube ya 1080 dakika kumi uku umeweka kiganja karibu na tundu la feni, usikie kama inapumua. Winga atakuharakisha, "bro nina mteja mwingine". Mwambie amhudumie tu.

Sitaki maelezo, nitajie tu nichukue ipi.

Haya. Hela ndogo: i5-8250U au 8350U yenye sloti za RAM, uiwekee 16. Hela ya kati, na hapa ndo ningekaa mimi: i5-1135G7, Ryzen 5 5500U au 5600U. Ikiongezeka kidogo: i5-1235U, i5-1335U, Ryzen 5 7530U. Ukitaka mpya ya betri ndefu na hela ipo, Core Ultra 200V au Mac ya M, zote RAM haiongezeki kwaiyo nunua unayoihitaji siku ileile.

Nina ya gen ya 4 nyumbani, niitupe?

Usiitupe. Weka SSD, weka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), mpe mdogo wako ajifunzie kutaipu na Python. Ninayo moja hapa mezani ya i5-4300U, ndo naangalizia michoro ya bodi kila siku, na kifuniko cha betri kimeshikwa na selotepu.